Mvinyo wa Mke wa Fundi Saa

"Usifungue," baba alisema.

Binti akafungua.

Hapo ndipo tulipoishia wiki iliyopita, msomaji wangu. Na kama gazeti lako lilishafungiwa nyama buchani, habari kwa ufupi ni hii. Fundi Saa, mzee aliyefiwa na mkewe mwaka jana, anaishi peke yake katika vyumba viwili juu ya karakana yake. Binti yake wa pekee ni msusi, anakaa upande wa pili wa mji. Huja kwa baba yake kila apatapo nafasi, na nafasi haimpati. Leo kaja bila taarifa, kaingia chumbani, kashika vishikio vya kabati la marehemu mama yake.

Nguo za kabati lile zote ziligawiwa ndugu baada ya mazishi. Kabati tupu halilindwi na mtu. Hili lilikuwa linalindwa.

Milango ikalia. Ndani kulikuwa na chupa.

Zilijaa kutoka chini mpaka pale zilipokuwa zikining'inia gauni za mama. Zimelazwa ubavu, kila moja imetengwa na mwenzake kwa kipande cha taulo, kama watoto wanaolala kitanda kimoja. Nyekundu, nyeupe, nyingine rangi ya asali. Mvinyo mtupu.

Binti hakupiga kelele. Alikaa kitandani.

"Unakunywa tangu lini, baba?"

"Mimi sinywi."

"Kabati zima, baba."

"Sinywi, mwanangu. Mkono wa fundi saa hautaki pombe." Akaunyoosha mkono mbele ya macho ya binti. Ukatulia kimya, bila hata dalili ya mtetemo.

Binti akachomoa chupa moja. Kizibo kipo, karatasi ya shingoni haijaguswa. Akachomoa nyingine. Imejaa. Nyingine tena. Imejaa. Alikuwa amekuja na hotuba ya kumkanya mlevi, ameifanyia mazoezi njia nzima, na sasa hotuba haina mwenyewe. Mlevi gani anayeweka akiba?

"Basi za nani?"

Mzee akairudisha chupa moja kabatini, akaifunika taulo.

"Unauza?"

"Siuzi."

"Baba, una mwanamke?"

Fundi Saa alilitazama kabati, hakumtazama binti. "Sina."

"Na anayekuuzia hizi ni nani?"

"Dada mmoja wa dukani."

"Dada," binti akarudia, kama mtu anayeonja chumvi. Akasimama. "Vaa viatu, baba. Twende nikamwone huyo dada."

Wakatoka. Na kwa kuwa njiani hawakusemezana hata neno, acha nikudokeze jambo ambalo binti hakulijua.

Mkewe Fundi Saa alionja mvinyo mara moja tu, kwenye harusi ya jirani. Akamwambia mumewe, "Siku moja uniletee chupa nzuri. Si hii ya harusi, iliyo nzuri." Mume akasema nitakuletea. Unajua "nitakuletea" za waume. Miaka ikaenda, saa za watu zikatengenezwa, chupa haikuja. Kisha mama akaenda.

Wageni wa msiba walipotawanyika, mzee akabaki na sahani moja mezani na redio inayozungumza peke yake. Siku moja akaamua atimize ahadi, kwa kuchelewa. Akaenda kutafuta duka.

Duka la kwanza, muuzaji hakuinua uso kutoka kwenye simu. "Nyekundu au nyeupe?"

"Iliyo nzuri."

"Zote nzuri."

Chupa zenyewe zilikuwa zimesimamishwa dirishani, zinapigwa jua, karatasi zimepauka kama mabango ya uchaguzi uliopita. Mzee akaondoka.

Duka la pili walimtazama viatu kabla ya kumtazama uso. La tatu wakamwambia, "Chukua hii mzee, wanawake wanapenda tamu," bila kuuliza ni mwanamke gani.

La nne lilikuwa jembamba, limebanwa kati ya mpiga chapa na mshona viatu. Ndani kulikuwa na ubaridi na giza kidogo, chupa zimelala. Mwanamke wa makamo alikuwa akipangusa rafu. Mfuko wa aproni yake una kizibo kimoja kikuukuu, na kila akiwa anafikiri hukitoa na kukizungusha vidoleni, ndiyo maana wateja humwita Dada Kizibo.

"Ni ya nani?" aliuliza.

"Ya mke wangu."

"Anapenda nini?"

Sikiliza hapo, msomaji. Hakuuliza *alipenda* nini. Angejuaje? Fundi Saa alifungua mdomo amsahihishe, na kilichotoka kikawa, "Anapenda chai isiyo na sukari."

"Vizuri. Ndimu je?"

"Hukamulia kila kitu."

"Akiudhika hufoka au hununa?"

"Hununa. Anaweza kununa mpaka ukasahau kosa."

Dada Kizibo akacheka, akazungusha kizibo chake. "Basi tusimpe kitamu. Tumpe hii, ina ukakasi kidogo mwanzoni, inataka subira. Ukifika nyumbani uilaze, kizibo kisikauke. Na wiki ijayo uje uniambie kasemaje."

Tangu msiba watu walikuwa wamempa mzee pole, wamempa mawaidha, wamempa na mabakuli ya chakula. Hakuna aliyempa swali. Alitoka mle dukani amemzungumzia mkewe mpaka koo likakauka.

Wiki iliyofuata akarudi. Dada Kizibo akauliza, "Mama kasemaje?"

Na mzee akajibu.

Sasa wameshafika. Turudi kwao.

"Shikamoo, fundi," Dada Kizibo akasema kutoka nyuma ya kaunta. "Leo umechelewa, nilishaanza kukununia."

"Marahaba."

"Na huyu?"

"Binti yangu."

"Karibu, mdogo wangu. Kwa kweli karibu." Alitoka nyuma ya kaunta, akampa mikono yote miwili. Binti alikuwa amejiandaa kukutana na mwanamke wa wanja na vicheko. Akamkuta mtu wa aproni, viatu vya chini, na uchovu uliotulia usoni.

"Mama hajambo?" Dada Kizibo akauliza. "Ile nyeupe ameionaje?"

Fundi Saa akatazama sakafu.

"Mama?" binti akasema.

"Mama yako. Wewe huujui utamu wake kwa sababu umekua naye ndani. Njoo." Akamvuta mpaka kwenye rafu, akagusa chupa moja shingoni. "Hii nilikaa nayo muda mrefu, sijui niwaelezeje watu. Mama yako akasema ni kama mgeni aliyenyamaza siku nzima, anaanza mazungumzo akiwa mlangoni anaaga. Ndivyo ilivyo. Unaimeza, unadhani imekwisha, ndiyo kwanza inaanza. Siku hizi kila anayeiuliza namwambia maneno hayo, anacheka, anaibeba."

Binti hakucheka. Maneno yale aliyajua. Mama alikuwa akiyasema juu ya shangazi, kila shangazi alipofika, akakaa, na kugeuka mlangoni.

"Na hii," Dada Kizibo akaendelea, "alisema ni kama shati lililopigwa pasi kabla halijakauka. Nadhifu, lakini ukilivaa unajuta."

Hayo mama aliyasema juu ya mchumba wa kwanza wa binti. Na hakukosea.

Binti alimgeukia baba yake. Mzee amesimama katikati ya duka, kofia mkononi, kama mtu anayengoja kuvuliwa nguo mbele ya watu. Neno moja tu la binti lingetosha kumuumbua.

"Mama hajambo," binti akasema. "Anakusalimia sana."

Kofia ya mzee ikaanguka.

Dada Kizibo naye akasimama ghafla. "Hebu sema tena."

"Anakusalimia."

"Sauti hiyo." Akamwelekezea kidole. "Ni sauti ya mama yako tupu. Siku ile aliponipigia simu, ndivyo alivyoongea."

Kabla mtu hajajibu, mteja akaingia, mtu wa tai, kakamata chupa kubwa iliyong'aa kuliko zote. Dada Kizibo akaenda kwake. Walimsikia akimuuliza ni ya nani, inanywewa na chakula gani, kisha akamnyang'anya ile kubwa kwa upole na kumpa ndogo isiyo na madoido. "Hiyo nyingine ni ya kutazamwa," alisema. "Hii ni ya kunywewa."

Nyuma ya rafu, mzee akamwinamia binti yake. "Mke wangu anampigiaje mtu simu?"

Binti akajifanya anasoma karatasi ya chupa.

"Mwanangu."

"Nilipiga mimi, baba."

Mzee akashika rafu.

"Nilikuta mfuko wa duka hili jikoni kwako, nilipokuja mara ya mwisho. Una namba. Nikapiga nimuulize kama unanunua sana. Nikasema tu, napiga kutoka kwa fundi saa. Akasema, 'Mama, nimekuwa nikingoja upige.'" Binti alichungulia upande wa kaunta. "Nilitaka kumwambia siyo. Lakini alifurahi sana, baba. Sijasikia mtu akilifurahia jina la mama tangu tumzike. Wote wakilitaja wanashusha sauti. Nikasema ndiyo, ni mimi."

"Mkaongea nini?"

"Akaniuliza goti langu linaendeleaje."

Mzee akafumba macho. Goti la mkewe alikuwa amelisimulia mwenyewe, siku ya mvua.

"Nikamwambia hewa ikipoa linauma. Nikasema kama yeye, vile alivyokuwa akivuta maneno. Nilipokata simu nililia saluni, mteja ana povu kichwani, ananiuliza dada maji yako wapi."

"Kwa hiyo ulikuja leo unajua."

"Nilijua kuna uongo. Nilidhani unakunywa, na unamsingizia mama. Ndiyo hasira yangu. Kisha nikakuta zimejaa." Akajifuta uso kwa kiganja. "Kwa nini hukuniambia kwamba ni upweke?"

"Una wateja."

"Hilo si jibu, baba."

"Na wewe je? Huji."

"Nikija nakiona kiti chake."

"Mimi nakiona kila asubuhi," mzee alisema. Hakulaumu. Alisema kama mtu anayetaja anwani yake.

Mtu wa tai akatoka na chupa yake ndogo. Dada Kizibo akarudi kwao, na safari hii alishusha sauti.

"Fundi, nimefurahi umekuja na mtu wa familia, maana nina neno. Mwenye duka anataka kuondoa mvinyo. Anataka makreti ya bia mpaka darini. Anasema mimi nauza maneno mengi na chupa chache. Nikamwambia maneno ndiyo yanayowarudisha watu, na mengine wala si yangu, ni ya mama mmoja mteja. Akasema hayo ni porojo, mlete nimsikie. Nikamwambia Jumamosi. Nimewaalika na wateja wengine waje waonje, wamsikilize."

"Umeshamwambia?" mzee aliuliza.

"Nimeshamwambia." Kizibo kilizunguka vidoleni. "Mnisamehe, sikuwauliza kwanza. Lakini mimi, mdogo wangu," sasa alimtazama binti, "sina mtu. Nikifunga hapa naenda nyumbani, nafungua redio. Mama yako sijamwona hata picha. Ila imekuwa desturi, kila chupa mpya ikija, najiuliza yeye angesemaje. Nimemwekea moja pale chini, hata baba yako hajui. Nilitaka nimfungulie mwenyewe."

Fundi Saa alifungua mdomo.

Mlango ukafunguka kabla yake.

Aliyeingia hakusalimu. Alikuwa mfupi, shati limechomekwa barabara, mkononi ana utepe wa kupimia, na macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye kuta, kama mtu anayepanga kitu ambacho bado hakijafika. Hahitaji kutambulishwa. Ni mwenye duka.

"Naona leo una watu," alimwambia Dada Kizibo. Akamwona binti. "Huyu ndiye mama wako wa maneno?"

"Huyu ni binti yake. Na huyu ndiye mume. Mama anakuja Jumamosi." Dada Kizibo akamgeukia mzee, uso umejaa imani. "Sivyo, fundi?"

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Binti alimshika baba yake kiwiko, na kwa mkono ule mzee akaelewa kwamba akisema ndiyo, binti atasema ndiyo, na Jumamosi watatafuta uongo mwingine wa kuufunika huu. Mama ana homa. Mama kasafiri. Mama goti. Mkewe angeweza kuishi mle dukani miaka mingine, akiugua na kupona, akionja na kununa.

Alimtazama Dada Kizibo, aliyemwekea chupa mtu asiyekuwepo.

"Mke wangu alifariki," alisema.

Msomaji, ninakwambia ukweli, mzee huyu hakuwahi kulitamka neno hilo. Msibani walilitamka wengine. Makaburini walilitamka wengine. Karakanani wateja walikuwa wakimwambia wao, "Tumesikia," naye anaitikia kwa kichwa, macho kwenye saa ya mtu. Hii ilikuwa mara ya kwanza kulisikia kwa sauti yake mwenyewe, na alishangaa lilivyo fupi.

"Lini?" Dada Kizibo akauliza. Alidhani ni jana. Alidhani ni asubuhi ile.

"Kabla sijaingia hapa mara ya kwanza. Uliniuliza anapenda nini. Nikashindwa kukwambia, maana ungeacha kuuliza."

Kizibo kikatulia vidoleni.

"Na simu?"

"Ni mimi, dada," binti akasema. "Naomba unisamehe."

Dada Kizibo hakuwatazama. Alikwenda nyuma ya kaunta, akainama, akatoa chupa iliyofungwa kitambaa cheupe. Akaiweka mezani, akaipapasa kidogo, kama vile unavyompapasa mgonjwa ambaye huna la kumwambia.

"Nimeshindwa hata kumzika," alisema. "Mtu niliyemuulizia kila wiki."

Binti akazunguka kaunta, akamkumbatia. Hakuombwa. Yule mwanamke alisimama wima, mikono imening'inia, kama mtu aliyesahau jambo hilo linafanywaje. Kisha mkono mmoja ukapanda mgongoni kwa binti, polepole, ukabaki hapo.

Mwenye duka alikohoa.

"Poleni na msiba," alisema, na kwa haki yake alimaanisha. "Lakini mimi ni mfanyabiashara, nataka kuelewa. Yale maneno huyu dada aliyokuwa akinipigia kelele nayo. Mgeni wa mlangoni. Shati la pasi. Kama mama alishafariki, yalikuwa ya nani?"

"Yalikuwa yake," mzee alisema. "Aliyasema juu ya watu. Mimi nikayahamishia kwenye chupa."

"Wewe ulizionja?"

"Sijawahi kuonja mvinyo maisha yangu."

"Kwa hiyo huyu dada amewauzia watu mvinyo kwa maneno ya marehemu ambaye hakuuonja, yaliyoletwa na mume asiyekunywa." Mwenye duka akavuta utepe wake kwa nguvu, ukarudi ndani kwa kishindo. "Na wateja wanarudi kusema ni kweli. Ama mji huu una wajinga wengi, ama hapa kuna kitu nisichokijua."

Akaichukua ile chupa ya kitambaa cheupe. Dada Kizibo alinyoosha mkono kumzuia. "Hiyo si ya kuuza. Ilikuwa yake."

"Ndiyo maana naitaka hiyo. Haina maneno bado, au siyo?"

"Haina."

"Basi ifungue. Mzee aonje hapa hapa, mbele yangu, aseme mkewe angesemaje. Nikiusikia ukweli ndani yake, makreti yangu yatatafuta ukuta mwingine. Nisipousikia, Jumamosi msialike mtu."

"Usimlazimishe," binti akasema. "Baba hanywi."

Dada Kizibo naye akatikisa kichwa. "Fundi, nenda nyumbani. Kazi nikiipoteza ni yangu, si yako."

Fundi Saa aliokota kofia yake, akaipiga vumbi, akaiweka juu ya kaunta. Kisha akavuta kigoda cha wateja, kile ambacho wiki zote zile hakuwahi kukikalia kwa kuogopa kuonekana hana pa kwenda, akakaa.

"Fungua, dada," alisema. "Nilimwahidi chupa nzuri."

Kizibo kikatoka kwa mlio mdogo. Mvinyo ukashuka kwenye glasi, mweusi kuliko alivyotarajia. Mwenye duka aliegemea rafu. Binti alisimama nyuma ya baba yake, mkono begani.

Mzee akainua glasi. Akainusa kwanza, kama alivyoona wateja wakifanya.

Akanywa.

Walingoja. Alimeza, akautazama ukuta mpaka mwenye duka akaanza kukunjua tena utepe wake. Mzee alikuwa akitafuta neno la mkewe, neno lolote kati ya yale yote aliyokuwa nayo, na kwa mara ya kwanza tangu aingie duka lile hakuna hata moja lililokuja.

"Baba?" binti akasema kwa sauti ya chini.

Fundi Saa akaiweka glasi.

"Neno hili," alisema, "inabidi niliseme mimi."